Vazi la Ng'ombe wa Buha: Pembe Ndefu Bila Kumuumiza Mchezaji

Vazi la ng'ombe wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, ambalo mchezaji wa ngoma huvaa ili aonekane ng'ombe, huharibikia kwenye pembe. Ng'ombe asiye na pembe ndefu hatambuliki Kasulu wala Kibondo, kwa hiyo watu huzirefusha, huzishona kwenye kofia, na kabla ngoma haijakolea mchezaji tayari kaishika shingo. Pembe zinaweza kubaki ndefu hivyohivyo, mradi uzito wake utoke kichwani ukakae kwenye nyonga.

Katika vazi hili mchezaji anasimama wima, na kichwa chake kimo ndani ya shingo ya ng'ombe, akitazama nje kupitia kooni. Kichwa cha ng'ombe kinabebwa na kiunzi, hakimgusi kabisa. Kwa mtu mzima, vazi zima lisizidi kilo 4.5. Kwa mtoto tunashika kipimo cha sehemu ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 35 abebe kilo 3.5, na vipimo vyote hapa chini vipunguzwe.

Tafuta bomba jeusi la maji la nusu inchi, mita 8; mwanzi mmoja mkomavu; tyubu mbili za baiskeli zilizochoka; begi kuukuu la mgongoni lenye mikanda mipana; sponji ya unene wa sentimita 2; mifuko mitatu ya saruji ya karatasi; kitambaa cha pamba mita 6 na wavu wa plastiki wa dirishani mita 1. Uzi wa kufungia ni ule wa nailoni wa kushonea nyavu, Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, haukosekani. Usifunge kwa waya: ncha zake hutoboa kitambaa, kisha humtoboa mtu.

Kata bomba vipande vitatu vya sentimita 170 na viwili vya sentimita 140. Vile vitatu vikunje viwe mbavu, upana wa sentimita 60 chini, ncha zikiangalia ardhini. Viwili ni reli za ubavuni, zinazopita usawa wa nyonga. Ubavu wa kwanza ukae mwanzo wa reli, wa pili katikati, wa tatu mwisho. Kila kiungo zungushia utepe wa tyubu ukiwa umevutwa sana, halafu juu yake uzi. Tyubu ndiyo inayozuia bomba kuteleza. Uzi peke yake hulegea siku hiyohiyo.

Bomba jeusi lina kasoro moja kubwa: juani hulainika. Vazi lililosimama vizuri asubuhi huweza kubonyea mgongo saa nane mchana. Kwa hiyo uti wa mgongo, kutoka ubavu wa pili hadi wa tatu, uwe ufito wa mwanzi wenye upana wa sentimita 3. Shingo nayo ni fito mbili za sentimita 90. Mwanzi mkavu uloweke usiku kucha kabla ya kuupinda, na usiupinde penye kifundo, hapo ndipo unapovunjikia.

Sasa mizani, na hapa usiharakishe. Kichwa pamoja na pembe kikiwa kilo 1.2, nacho kiko sentimita 45 mbele ya nyonga, kinavuta kwa 1.2 mara 45, yaani 54. Kiwiliwili cha kilo 2 kitakipinga sawasawa iwapo katikati yake iko sentimita 27 nyuma ya nyonga, maana 2 mara 27 ni 54 pia. Reli zina sentimita 140, katikati ni 70. Basi nyonga za mchezaji zikae sentimita 43 kutoka mwanzo wa reli. Wengi humweka mtu katikati kwa sababu inapendeza machoni, kisha wanashangaa kiunzi kinapiga magoti. Bandika kitambaa kwa pini, ning'iniza kiunzi kwa kamba mbili penye nyonga, ukitazame. Kikiinama mbele, sogeza mbele kidogo mahali pa kufungia mkanda wa kiunoni. Usiongeze jiwe mkiani.

Mkanda wa kiunoni uwe na upana wa sentimita 10, wenye sponji ndani. Funga fito mbili kukatiza reli, moja mbele ya tumbo na nyingine mgongoni, halafu mkanda ufungwe kwenye fito hizo sehemu nne. Mikanda ya begi inazuia kuyumba tu. Kidole kikishindwa kupita chini yake begani, mkanda wa kiuno umelegea.

Fito za shingo zinaanzia kwenye ufito wa mbele, zinafungwa juu ya ubavu wa kwanza, zinapanda hadi kichwani. Kamba mbili kutoka kisogoni hadi ubavu wa pili zinapunguza kutikisika.

Kila pembe ni kijiti chembamba cha mwanzi cha sentimita 80 kilichozungushiwa karatasi ya saruji, gramu 250 na si zaidi. Uji wa kubandikia ni unga wa muhogo vijiko vinne kwa nusu lita ya maji, upikwe mpaka ung'ae. Tabaka mbili zinatosha; ya tatu ni mzigo wa bure, na uzito wa nchani ndio unaomzungusha mtu anapogeuka ghafla. Paka vanishi, la sivyo unyevu wa ziwani utazilegeza. Zichomeke kwenye vipande vya bomba vilivyofungwa kichwani ili zitoke, vinginevyo mlangoni hampiti.

Kitambaa kitiwe rangi ya kuchovya, kahawia nyekundu; rangi ya mafuta huziba hewa. Tumbo liache wazi. Wavu wa kooni upake rangi nyeusi upande wa ndani, kwani mweupe hung'aa juani na mchezaji haoni kitu. Usitumie chandarua chenye dawa karibu na uso. Miguu ya nyuma ni mirija ya kitambaa yenye kwato za kandambili kuukuu, ikiishia sentimita 3 juu ya ardhi ili asijikwae.

Acheze dakika 15, atoke, anywe maji.

Baada ya ngoma, chomoa pembe uzitundike darini kwa uzi, maana panya wanaupenda muhogo. Kiunzi nacho kining'inie kwa uti wa mgongo. Kikilazwa ubavu, bomba litakaa hivyohivyo lilivyolala.