Kutoka Mtwara hadi meli ya mtoni Ujerumani, Desemba

Anza na viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Ujerumani na Austria. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000. Meli ikipita Nürnberg, Regensburg na Passau kisha ikaishia Wien (Vienna), hesabu siku vizuri: unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, na Wien iko Austria. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana Dar es Salaam, kwa hiyo weka nauli yake pembeni.

Masoko mengi ya Krismasi Ujerumani hufungwa kufikia tarehe 24 Desemba.

Kabla ya kulipa, uliza kina cha mto kikibadilika watafanyaje. Mto Danube, unaopitiwa na meli hizi, ukijaa, meli haipiti chini ya madaraja, ukipungua, meli inakwama. Mara nyingi abiria humaliziwa safari kwa basi.

Sweta la msimu wa kusi halitoshi. Vaa sufu ndani, koti lisilopitisha upepo juu, na viatu vya soli yenye meno, maana mawe ya mitaa ya kale huteleza. Toka asubuhi: Regensburg jua huzama kama saa 10 na robo.