Kupata jumla ya miche ya shamba la zabibu bila kuhesabu mstari kwa mstari

Chukua shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, mkoani Dodoma, ambalo upande mmoja umekatwa mshazari na barabara. Mstari wa kwanza unaingia miche 12, wa pili 15, wa tatu 18, na kadhalika hadi mstari wa 20. Unataka kujua uagize miche mingapi. Kujumlisha namba 20 moja moja kunawezekana, lakini ukiruka moja tu, jumla yote imeharibika.

1. Hakikisha ongezeko ni lilelile. Toa kila namba kwenye ile inayoifuata: 15 − 12 = 3, 18 − 15 = 3. Usiridhike na jozi moja. Pima tatu au nne, tena katika sehemu tofauti za shamba. Mpaka wa shamba ukipinda katikati, ongezeko hubadilika na kanuni hii haifai kwa shamba zima. Hapo ligawe vipande viwili, kila kimoja na hesabu yake.

2. Andika unachokijua. Namba ya kwanza, a = 12. Tofauti, d = 3. Idadi ya mistari, n = 20.

3. Tafuta namba ya mwisho, m.

m = a + (n − 1) × d
m = 12 + 19 × 3 = 69

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanazidisha kwa 20 badala ya 19. Mstari wa kwanza haujaongezewa kitu, kwa hiyo hadi kufika wa 20 umeongeza mara 19 tu. Ukitumia 20 utapata 72, na mwishowe utanunua miche 30 ya ziada.

4. Tafuta jumla, S.

S = n/2 × (a + m)
S = 10 × (12 + 69) = 10 × 81 = 810

Kwa nini inakubali? Unganisha mstari wa kwanza na wa mwisho: 12 + 69 = 81. Wa pili na wa pili kutoka mwisho: 15 + 66 = 81. Kisha 18 + 63, bado 81. Kinachopanda upande huu kinashuka upande ule kwa kiasi kilekile. Mistari 20 inatoa jozi 10, kila jozi 81. Ukishaiona hii, kanuni haitakutoka kichwani hata ukisahau herufi zake.

Mistari ikiwa 21, usiogope nusu: m = 72, na 21 × 84 ÷ 2 = 882. Zidisha kwanza, gawanya baadaye.

Kwenye kikokotoo usiache mabano. 10 × 12 + 69 itakupa 189, jibu ambalo mtu mwenye haraka hulinakili bila kushtuka.

5. Ukiwa na miche tayari, geuza swali. Tuseme unayo 500. Jaribu mistari 15: m = 12 + 14 × 3 = 54, na S = 15 × 66 ÷ 2 = 495. Mstari wa 16 unadai miche 57, nawe umebakiwa na 5. Simama kwenye 15, hiyo 5 itunze kwa kuzibia mapengo ya itakayokufa.