Mngoje mwanao: namna ya kuongea na mtoto anayechelewa kusema

Kitinda mimba wangu ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha makuzi na usemi. Alipotimiza miaka mitatu hakuwa na neno ila "ma", nami nikaigeuza nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, kuwa chumba cha mtihani. Punda akipita mlangoni: "Huyu nani? Nitazame! Sema pu-nda!" Akishika kijiko nampokonya nimpe kikombe, kwa kuwa somo la siku hiyo lilikuwa kikombe. Nilimtakia kheri tupu. Lakini mwana akawa ananiinamia kichwa kila nikikaa karibu naye.

Kilichonigeuza ni samaki wa birika. Nyumba za kwetu huwekwa visamaki ndani ya birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Siku hiyo sauti ilikuwa imenikauka kwa mafua. Nimemshika kiunoni nikitaka kumwogesha, naye ameganda anawatazama wale samaki. Sikuweza kusema kitu, basi nikatazama anakotazama yeye. Samaki mmoja akaibuka. Mwana akanigeukia, akaonyesha kidole, akatoa: "Sa!" Nikamnong'oneza, "Samaki." Akacheka, akasema tena, "Sa!" Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuanza maongezi na mimi kumfuata.

Basi mama mwenzangu, anzia hapo. Shuka ukae mkekani, uso wako uwe sawa na wake, uangalie mikono na macho yake kabla hujafungua kinywa. Alichoshughulika nacho ndicho somo. Kama ni kifuu cha nazi, ni kifuu. Kile kikombe ulichokitayarisha kiweke kando.

Halafu ngoja. Hili ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Hesabu moyoni polepole hadi kumi, umemwelekea, midomo umeifunga. Watoto hawa wanahitaji muda zaidi wa kulipokea neno, kulitafuta jibu na kuupanga ulimi. Ukirudia swali akiwa katikati ya safari hiyo, umemrudisha mwanzo. Mimi nilikuwa nikirudia mara nne kwa pumzi moja, kisha nasema hajui.

Lolote atakalolifanya, hata kuguna au kukutupia jicho, lihesabu kuwa ni zamu yake, kisha umjibu. Akigonga kifuu sakafuni, nawe gonga chako, unyamaze, umwachie tena. Akisema "sa", mjibu "samaki". Siku atakaposema "samaki", mwambie "samaki mkubwa". Neno moja juu ya lake linatosha. Badala ya kumuuliza "hii nini?", mtajie: "Punda huyo, anapita." Wala huhitaji vitu vya dukani, dakika tano za kuogesha na tano za kupepeta mchele zinafaa sana.

Amri zibakie kwenye hatari: moto wa jiko, ukingo wa birika, punda mwenye mzigo kichochoroni. Huko sema neno fupi na umshike mkono. Kumfuata mtoto si kumwachilia.

Mwaka 1985 mtafiti Gerald Mahoney na wenzake, huko Marekani, waliwatazama akina mama wakicheza na watoto wao wadogo wenye ulemavu wa akili. Watoto ambao mama zao waliwaitikia na kufurahi nao walikuwa mbele kimakuzi kuliko wale ambao mama zao walielekeza na kuamuru sana. Habari hii nisingependa imuumize mtu. Mtoto wa Down mara nyingi huwa ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) 47 badala ya 46, na hakuna mama aliyeisababisha hiyo kwa usemi wake. Tena mambo huenda pande mbili: ukimya wa mtoto humtia mama hofu, na mama mwenye hofu husukuma. Najua, nilisukuma.

Masikio yapimwe pia. Watoto wa Down mara nyingi hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Vituo vya EARC (Educational Assessment and Resource Centres), vilivyoanza Kenya mwaka 1984, hupima watoto na kumwelekeza mzazi. Usingoje mwana afike umri wa shule ndipo uende.

Nyumbani utaambiwa unamdekeza. Mavyaa wangu aliniambia hivyo, nami sikubishana naye. Jioni moja alikuwa dakani akisuka ukili, mwana yuko miguuni pake, nikamwomba, "Mama, usimwambie kitu. Mngoje tu, uhesabu hadi kumi." Akahesabu kwa midomo, vidole vikiendelea na kazi. Alipofika saba, mwana akaokota mwaa mmoja, akaulaza juu ya paja lake bibi, akamtazama usoni. Mavyaa akasimamisha mikono. Akausogeza ukili kati yao wawili, akamwambia, "Njoo, mwanangu. Tusuke."