Kugeuza ndege ya balsa ya mpira kuwa ya rimoti

Kampuni ya Guillow's ya Massachusetts, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ni maarufu kwa ndege ndogo za mfano za balsa (mbao nyepesi sana) na karatasi ya shashi zinazorushwa kwa mpira uliosokotwa. Ndege hizo hugeuka vizuri kuwa za rimoti, mradi uamuzi huo ufanywe kabla ya kubandika shashi, kwa kuwa baadaye huwezi kupitisha waya ndani ya kiwiliwili bila kuichana.

Tandaza mchoro wa ndege juu ya ubao laini, uufunike kwa plastiki angavu, kisha ushikize vijiti kwa pini na kuviunga kwa gundi kidogo. Kata usukani wa mkia na kibao cha kuinulia pua, uvirudishe kwa utepe mwembamba unaokunjika kama bawaba. Mota na betri vikae mbele, kwani kila gramu ya mkiani hudai gramu kadhaa puani.

Shashi ibandikwe ikiwa kavu, ndipo inyunyiziwe maji mepesi kama umande. Ikikauka hukaza kama ngozi ya ngoma. Hapa nasisitiza subira: bawa libaki limebanwa ubaoni hadi likauke kabisa, la sivyo litajipinda.

Mwishowe beba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, kisha uirushe ndege kwanza kwa mkono, mota ikiwa imezimwa, juu ya nyasi ndefu upepo ukiwa umetulia.