SOMO: Namna ya kusoma hukumu ya mahakama ya shirikisho ya Marekani kabla hujaisambaza

Wakuu, salaam.

Swali ni lilelile kila wiki. Mtu kaona picha ya skrini kwenye grupu, "Mahakama Marekani yapiga marufuku kitu fulani", ananifuata inbox kuuliza kama ni kweli. Nimechoka kujibu mmojammoja. Naandika leo, na atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Mifano mingi nimechukua kwenye kesi zinazotugusa: mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar, waziri wa Msumbiji, watu wa Mombasa. Mimi si wakili na hili si ushauri wa kisheria.

Hatua ya 1. Tafuta hati yenyewe. Za Mahakama ya Juu ziko bure kwenye tovuti yake. Za chini anza na CourtListener (maktaba ya bure mtandaoni), ukikosa nenda PACER (mfumo rasmi wa mahakama hizo, wa kulipia). Huna hati, usisambaze.

Hatua ya 2. Soma namba ya shauri. Chukua 1:18-cr-00681. Ile 1 ni kituo cha mahakama, 18 ni mwaka shauri lilipofunguliwa, cr ni jinai, inayofuata ni namba yake masjala. Lingekuwa la madai ungeona cv. Shauri hili ni la Brooklyn, ndilo lililomtia hatiani Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha wa Msumbiji, kwenye sakata la mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 iliyosemwa ni ya meli za kuvua jodari na kulinda pwani. Alikamatwa Johannesburg Desemba 2018, akafikishwa Marekani Julai 2023, juri (raia wanaoketi kuamua hatia) ikamtia hatiani Agosti 2024, akapewa miaka 8 na nusu Januari 2025. Kwa hiyo ukiona 18 usikimbilie kusema "hii ya zamani". Na jina "United States v. fulani" halimaanishi lazima ni jinai, maana serikali nayo hufungua madai. Tazama herufi.

Hatua ya 3. Ni ngazi gani? Mahakama za wilaya 94, za rufani 13, ya Juu moja yenye majaji 9. Hiyo "wilaya" isikupotoshe, si kama ya kwetu pale Ilala. Jaji wa wilaya wa shirikisho anasikiliza mashauri ya mabilioni ya dola na ya kifungo cha maisha.

Hatua ya 4. Ruka mpaka ukurasa wa mwisho. AFFIRMED: wameubariki uamuzi wa chini. REVERSED: wameugeuza. VACATED: wameufuta. REMANDED: wamelirudisha shauri chini liendelee. Hayo mawili ya mwisho hutembea pamoja, na ukiyaona jua mara nyingi mchezo bado haujaisha.

Hatua ya 5. Mahakama iliulizwa nini? Hapa ndipo wengi wetu tumeteleza, nami nikiwemo, kwa hiyo soma polepole.

Mahakama hujibu swali lililoletwa mbele yake, basi. Swali hilo mara nyingi silo lile ambalo mitaani tunalibishania. Juni 27, 2025 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kwenye Trump v. CASA. Magrupu yetu huku yakalipuka: "Mtoto wa mgeni hapati tena uraia wa kuzaliwa." Kuna kina mama wajawazito walioshinda wanalia kwa taarifa hiyo. Sasa fungua hati. Swali lililoulizwa ni kama jaji mmoja wa wilaya ana mamlaka ya kuizuia amri ya rais (hiyo ya uraia) nchi nzima, hata kwa watu ambao hawamo kwenye shauri lake. Majaji 6 dhidi ya 3 wakasema mamlaka hayo yaelekea hana, wakapunguza upana wa mazuio yaliyokuwepo. Kuhusu amri yenyewe ya uraia, kama inakubaliana na Katiba au la, hawakuamua. Tena amri haikuanza kutumika siku ile, waliipa siku 30. Kabla hazijaisha, Julai 10, jaji wa New Hampshire akaizuia upya kwa njia nyingine: aliwakusanya watoto wanaohusika kama kundi moja la wadai. Swali la Katiba likapandishwa juu kwa shauri tofauti kabisa.

Tahadhari zinazotokana na hatua hii:

Zuio la muda si hukumu. Jaji anasema tu, "subirini hapo mlipo mpaka niwasikilize."

Mahakama ya Juu ikikataa kupokea rufani, haijasema uamuzi wa chini ni sahihi. Imekataa kuusikiliza, na ndivyo inavyofanya kwa maombi mengi mno.

Angalia nani anaongea. Hati moja inaweza kuwa na hukumu ya wengi, jaji aliyekubali kwa sababu zake, na jaji aliyepinga. Maneno makali yanayosambaa X (zamani Twitter) aghalabu ni ya aliyepinga, yaani ya aliyeshindwa. Na ule muhtasari wa mwanzo kwenye hati za Mahakama ya Juu si sehemu ya hukumu, wenyewe wameandika hivyo palepale mwanzoni.

Hatua ya 6. Kwenye jinai, hesabu mashtaka. Ahmed Ghailani, Mtanzania wa kesi ya mabomu ya 1998, mwaka 2010 alifutiwa mashtaka zaidi ya 280 na kutiwa hatiani kwa shtaka moja tu. Magazeti mengine yaliandika "aachiwa", mengine "apatikana na hatia", na yote yalikuwa na kipande cha ukweli. Januari 2011 akafungwa maisha kwa hilo moja.

Hatua ya 7. Kwenye madai, tofautisha fedha iliyoandikwa na fedha iliyolipwa. Mahakama ya Washington iliamuru Sudan ilipe waathirika wa mabomu ya Nairobi na Dar na familia zao takriban dola bilioni 10.2, humo bilioni 4.3 hivi zikiwa fidia ya kuadhibu. Mahakama ya rufani ikaifuta hiyo ya kuadhibu. Mei 18, 2020, kwenye Opati v. Republic of Sudan, Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba inaruhusiwa, ikalirudisha shauri chini. Watu wakaandika "Wakenya na Watanzania walipwa mabilioni". Hakuna aliyelipwa mabilioni. Mwaka huohuo Sudan ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa milioni 335 kwa waathirika wa mashambulizi hayo na mengine, na Desemba Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoirudishia Sudan kinga dhidi ya madai ya aina hiyo. Linganisha mwenyewe milioni 10,200 na milioni 335.

Hatua ya 8. Angalia kama muda wa rufani umepita. Jinai mshtakiwa ana siku 14. Madai siku 30, au 60 serikali ya Marekani ikiwa mhusika.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

mzeewakazi_tu: Mkuu ndefu sana. Fupisha, Trump alishinda au alishindwa?

Mleta mada: Hatua ya 5.

mzeewakazi_tu: Nimesoma juujuu sijaelewa. Ndiyo au hapana?

Mleta mada: Alishinda swali la mamlaka ya majaji. La uraia halikuamuliwa siku ile. Juujuu ndiyo iliyotufikisha kwenye hili somo.

Binti Ungujaukuu: Ahsante kaka. Miye nasoma sheria mwaka wa pili. Jaji wa wilaya wa Texas akiamua jambo, jaji wa California analazimika kulifuata?

Mleta mada: Swali zuri dada. Halazimiki, hata jaji mwenzake wa jengo hilohilo halazimiki. Anaweza kuuheshimu uamuzi kama hoja yenye nguvu, kama jaji wa Mahakama Kuu kwetu anavyomsoma jaji mwenzake. Kinachofunga ni uamuzi uliochapishwa wa mahakama ya rufani, na unafunga eneo lake tu. California iko chini ya mahakama ya tisa ya rufani, Texas ya tano. Hizo mbili zikipishana juu ya sheria ileile, hapo ndipo Mahakama ya Juu huwa na hamu ya kuingilia. Angalia pia kama hukumu ya rufani imeandikwa kwamba si ya kuchapishwa. Inawafunga wahusika lakini haiwi mwongozo kwa mashauri mengine. Ukipata shauri linalokusumbua nitumie, tulisome pamoja.

OtienoWaLikoni: Bro, naona umegusia watu wa Mombasa halafu hujasema kitu. Wale ndugu Akasha wa kesi ya dawa za kulevya, mbona hatukuona trial? Huku tulikuwa tunangoja majina yatajwe kortini.

Mleta mada: Kweli, nimewasahau, ahsante kunikumbusha. Hakukuwa na trial kwa sababu walikiri makosa, Oktoba 2018, New York. Mtu akikiri, juri haiketi na ushahidi mwingi haumwagwi hadharani. Baktash akapewa miaka 25 Agosti 2019, Ibrahim 23 Januari 2020. Jinai nyingi sana za shirikisho huishia hivyo. Ukitaka kujua upande wa mashtaka ulikuwa na nini, tafuta hati ya mashtaka na waraka ambao serikali huupeleka kwa jaji kabla ya adhabu. Huo waraka huwa na nyama kuliko hukumu yenyewe.

OtienoWaLikoni: Shukran. Na hiyo 25, si atakaa nusu atoke kwa parole?

Mleta mada: Shirikisho hakuna parole kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987. Kuna punguzo la tabia njema, lisilozidi siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu. Piga hesabu.

Kamanda Sengerema: Hizi mahakama za mabeberu unazisifia za nini? Hapa kwetu majaji hawapo?

Mleta mada: Onesha sentensi niliyosifia.

Kamanda Sengerema: Mtazamo wako kwa ujumla.

Mleta mada: Nimeandika jinsi ya kusoma hati. Waathirika wa bomu la Dar walipoteza mabilioni kwenye hati hizo. Kama huko ni kusifia, sawa.

MamaZuhura_Columbus: Samahani baba, mimi niko Ohio, nina kesi ya uhamiaji, tarehe imekaribia. Nikiingiza namba yangu huko PACER sioni kitu. Imefutwa?

Mleta mada: Pole mama, haijafutwa. Mahakama ya uhamiaji haimo kabisa kwenye mahakama hizi. Iko chini ya Wizara ya Sheria, ina mfumo wake, na namba yako ya A (ile ya faili lako la uhamiaji) inatafutwa kwenye mfumo huo. Piga simu ya kiotomatiki ya mahakama ya uhamiaji kuhakikisha tarehe, usisubiri barua. Usikose kwenda hata ukiwa huna wakili, maana ukikosa jaji anaweza kuamuru uondolewe bila wewe kuwepo. Na tafadhali, usimpe fedha mtu wa "kujaza fomu" anayejiita mshauri. Uliza awe wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na wizara hiyohiyo. Niandikie inbox, nitakuelekeza jinsi ya kupata orodha ya msaada wa bure.

MamaZuhura_Columbus: Mungu akubariki.

dogo_wa_teknolojia: Wazee mnajichosha. Weka PDF kwenye AI ikufupishie, sekunde tano tu.

Mleta mada: Ukiiwekea hati yenyewe, halafu ukahakiki kila mstari, sawa. Ukiiuliza tu "nipe kesi", tafuta Mata v. Avianca. Juni 2023, New York, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizotungwa na ChatGPT. Hao walikuwa mawakili.

Fundi Mitambo wa Ubungo: PACER inakula hela kiasi gani? Nina kadi yenye dola kumi tu.

Mleta mada: Senti 10 kwa ukurasa, na hati moja haizidi dola 3, isipokuwa kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, hizo hazina kikomo. Matumizi yako yasipozidi dola 30 kwa miezi mitatu, hawakutozi kitu. Hukumu zenyewe ni bure. Na weka kile kiongezi cha RECAP kwenye kivinjari: hati iliyokwisha kununuliwa na mwenzako unaipata bure, na unayoinunua wewe inawafaa wengine.

Binti Ungujaukuu: Kaka samahani narudi tena. Nimesikia Mahakama ya Juu iliruhusu rushwa kwa meya. Nimejaribu hatua ya 5 mwenyewe: nadhani swali lilikuwa zawadi inayotolewa *baada* ya kazi?

Mleta mada: Umeipata. Snyder v. United States, Juni 26, 2024. Meya wa Portage, Indiana. Mji ulinunua malori ya taka ya dola milioni 1.1 hivi, baadaye kampuni ya malori ikamlipa 13,000. Yeye alisema ni malipo ya ushauri. Swali: je, sheria ile ya shirikisho inayowahusu maofisa wa majimbo na miji inakamata shukrani ya baadaye isiyokuwa na makubaliano ya awali? Majaji 6 dhidi ya 3: haikamati, hilo waachiwe majimbo na miji yenyewe. Rushwa ya kupatana kabla bado ni kosa. Na ofisa wa serikali ya shirikisho ana sheria nyingine, ambayo hata shukrani inaikataza.

Fundi Mitambo wa Ubungo: Takrima hiyo! Si kwetu Mahakama Kuu iliifuta?

Mleta mada: Ndiyo, 2006, vifungu vya takrima kwenye sheria ya uchaguzi. Ila ile ilikuwa ya mgombea kwa wapiga kura, na hoja ilikuwa ya Katiba. Ya Portage ilikuwa tafsiri ya kifungu kimoja cha sheria, kwa hiyo Bunge lao likitaka linaweza kukiandika upya kesho.

mzeewakazi_tu: Mkuu link ya hiyo ya meya?

Mleta mada: Tovuti ya Mahakama ya Juu, hukumu za msimu wa 2023, maana msimu unaanza Oktoba ya mwaka wa nyuma. Namba 23-108.