Diski ya 4 TB inasomeka 1.6T kwenye Linux: pima kabla ya kufomati

Diski ya 4 TB ikisomeka 1.6T, mara nyingi yenyewe ni nzima. Kilichokosea ni kilichopo kati yake na kompyuta: adapta ya USB au draiva ya zamani. Hesabu ndiyo inayokiumbua. Diski hiyo ina sekta 7,814,037,168 za baiti 512, na biti 32 haziwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296, yaani 2 TiB (terabaiti zinazohesabiwa kwa 1024). Toa, zinabaki 3,519,069,872: ndiyo ile 1.6T. Ya 3 TB kwa mtindo huohuo husomeka 746G. Ukiona 3.6T, tulia, hakuna kilichopotea. Amri ya `lsblk`, inayoorodhesha diski, huhesabu kwa 1024, muuzaji kwa 1000.

1. Soma kerneli (kiini cha Linux) ilichoambiwa

`lsblk -b -o NAME,SIZE,LOG-SEC,PHY-SEC`
`dmesg | grep sdb`

Hapa sdb ni jina la diski kwenye Linux; weka la diski yako. Kwa diski za USB, draiva kwa kawaida huanza kuuliza ukubwa kwa READ CAPACITY(10), ambayo jibu lake ni la biti 32. Kifaa kikubwa kinapaswa kujibu FFFFFFFF, ndipo draiva irudie kwa READ CAPACITY(16). Hapo utaona "Very big device". Adapta mbovu hukata namba na kujibu kwa kujiamini. Mara nyingi hakuna mpangilio wa kerneli utakaoitibu. Chomeka diski moja kwa moja kwenye SATA, ikisomeka 3.6T, adapta ni ya kutupa.

2. Hakikisha adapta hairudi mwanzo wa diski

Ukubwa sahihi kwenye skrini hautoshi. Zipo adapta zinazotangaza 4 TB, lakini ukiandika kupita 2 TiB zinarudi mwanzo wa diski na kufuta ulichoweka kule, bila kosa lolote kutokea. Fanya jaribio hili kwenye diski TUPU tu, na uhakikishe mara mbili kwamba ni sdb kweli:

`echo MBALI | dd of=/dev/sdb bs=4096 seek=536871168 conv=sync oflag=direct`
`dd if=/dev/sdb bs=4096 skip=256 count=1 iflag=direct | hexdump -C | head -n 3`

Amri ya kwanza inaandika mahali palipo MiB 1 baada ya mpaka wa 2 TiB. Ya pili inasoma mahali palipo MiB 1 kutoka mwanzo wa diski. Ukikuta neno MBALI huku mwanzoni, usiweke hata picha moja. Kisha soma tena kwa `skip=536871168`: hapo lazima neno lionekane. Usiache `direct`, la sivyo utasoma kumbukumbu ya RAM na kudhani ni diski.

3. Kama LOG-SEC (ukubwa wa sekta unaotangazwa) ni 4096 kwenye USB na 512 kwenye SATA

Hapa ndipo watu hupoteza data iliyo salama. Baadhi ya makasha ya USB hujifanya yana sekta za 4096 ili MBR (jedwali la patisheni la zamani) ifike 16 TiB, kwa ajili ya Windows XP. Ukihamishia diski kwenye SATA, jedwali la patisheni (orodha ya migawanyo ya diski) linasomwa kwa kipimo kingine: GPT (jedwali la kisasa) iliyoandikwa kwenye baiti ya 4096 inatafutwa kwenye baiti ya 512. Diski inaonekana tupu, na mfumo unakuomba ufomati. Kataa. Irudishe kwenye kasha lake unakili data. Kasha likiwa limekufa:

`losetup -r -P --sector-size 4096 -f --show /dev/sdb`

Patisheni zitatokea kama /dev/loop0p1 (au namba nyingine utakayoonyeshwa), za kusoma tu. Nakili kila kitu, ndipo utengeneze GPT upya mahali diski itakapokaa.

4. Gawa na ufomati

`parted -a optimal /dev/sdb mklabel gpt mkpart hifadhi ext4 1MiB 100%`
`mkfs.ext4 -m 0 /dev/sdb1`

Bila `-m 0`, ext4 inamtengea root (msimamizi wa mfumo) asilimia 5, karibu GB 200, zisizo na kazi kwenye diski ya kuhifadhia tu. Tumia kerneli ya biti 64. Ya biti 32 inagota kwenye 16 TiB. Kwenye fstab (faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka) weka UUID (namba ya kipekee ya patisheni), kamwe si sdb1, pamoja na `nofail` ili mashine iwake hata diski ikiwa imechomolewa.