Namna ya kuzunguka vibanda vya vyama kabla ya kupiga kura Sweden

Kama umeandikishwa Sweden kuwa mkazi kwa miaka mitatu mfululizo, huhitaji uraia kupiga kura ya manispaa na ya mkoa. Haki hiyo ipo tangu 1976. Kura ya bunge ndiyo ya raia peke yao. Mimi, mtu wa Tanga ninayehudumia wazee Göteborg, nilipiga ya kwanza Septemba 2022.

Wiki chache kabla ya uchaguzi, vyama huweka vibanda vya mbao uwanjani, vimejipanga kama wauza samaki. Vyama vyenye viti bungeni ni vinane. Usiruke hata kile kinachokukera. Beba swali moja linalokugusa, uliulize vilevile kila mahali, la sivyo hutaweza kulinganisha majibu. Kahawa ni ya bure, ila nyepesi mno. Kwetu tungedhani dele limesuuziwa humo.

Swali langu lilikuwa: shule ya mwanangu ailipie nani, na nani afaidike? Nilitegemea ugomvi kama wa mikutano yetu ya kampeni. Wapi! Hakuna aliyetaka mzazi alipe ada wala chakula cha mchana. Wa Vänsterpartiet, mrengo wa kushoto, na wa Moderaterna, mrengo wa kulia, wote kodi ilipe. Waliachana kwenye faida. Kampuni inayoendesha shule kwa kodi hiyo ibaki na chochote? Wa kushoto akasema hata krona moja hapana. Wa kulia akasema mzazi achague shule, na anayeiendesha vizuri apate chake. Hapo ndipo daftari langu lilijaa. Nawe usipoteze wino wanapokubaliana.

Ukiwa na zamu Jumapili ya uchaguzi, piga mapema. Upigaji huo huanza siku 18 kabla, mara nyingi maktabani. Nenda na kitambulisho. Karatasi nyeupe ni ya manispaa, ya buluu mkoa, ya njano bunge, na kila chama kina zake. Chukua za vyama kadhaa ili jirani asijue lako. Nyuma ya kizuizi, kila karatasi iingie bahasha yake bila kukunjwa. Usiandike kitu, isipokuwa alama moja kwa mgombea unayempenda zaidi.

Zilizobaki ondoka nazo. Zangu niliziandikia mahitaji ya sokoni.